Kiwanja kimepimwa, hati ninayo, mbona maji yananifuata ndani?

"Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Mwaka 2017 nilinunua kiwanja kilichopimwa, nikapata hati na kibali cha ujenzi, nikajenga kidogo kidogo kwa mkopo mpaka nikahamia. Miaka ya mwanzo sikuona shida yoyote. Huu sasa ni msimu wa tatu maji yananiingia ndani. Mara ya mwisho yalifika magotini, yakaharibu magodoro, unga na madaftari ya wanafunzi. Juu yetu imejengwa barabara ya lami. Jirani yangu amejaza kifusi kwake na kuzungushia ukuta. Kando ya barabara ulichimbwa mtaro, lakini ukaishia njiani kabla ya kufika kwangu. Nikienda ofisi ya mtaa naambiwa taarifa ilishapelekwa kata. Kata wanasema bajeti hakuna. Wa barabara wanasema hilo ni suala la mipangomiji, na wa mipangomiji wanasema viwanja vyetu havina tatizo. Fundi ananishauri ninyanyue sakafu futi mbili. Wengine wananiambia nishtaki, wengine niuze niondoke. Kwenye ukuta wa chumba cha watoto umetokea ufa. Nimechoka. Nifanye nini?"

Pole sana, Mwalimu. Kabla ya mengine yote, nianze na huo ufa wa chumba cha watoto, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja wiki moja na huo hauwezi. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa na andika tarehe kando yake. Pima upana wake kwa rula. Kama kidole chako cha mwisho kinaanza kuingia, kama ufa unapanda kwa ngazi kufuata maungio ya tofali kutoka chini, kama umelala kwa mlalo katikati ya ukuta, au kama mlango wa chumba hicho umeanza kugoma kufunga, wahamishie watoto chumba kingine leo hii na umwite mhandisi wa majengo aje auone kwa macho. Nasema mhandisi, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Fundi wako anaweza kuwa hodari sana wa kujenga, lakini kusoma msingi uliolowana ni kazi nyingine. Mimi pia siwezi kuusoma kutoka hapa nilipo.

Sasa turudi kwenye swali lako. Katika barua yako nasikia maswali matatu yaliyosukwa pamoja: kwa nini maji yaje sasa wakati zamani hayakuja, nani anawajibika, na fedha kidogo ulizonazo uziweke wapi. Nitayajibu yote, ila la kwanza litachukua nafasi kubwa, maana usipolielewa hilo utaomba dawa isiyo yako.

Watu wengi waliohamia Dodoma wakati Serikali ilipohamia walikuja na imani kwamba mafuriko ni mambo ya Dar es Salaam, bonde la Msimbazi na Jangwani, na kwamba huku ni nchi kame. Ukame ni kweli. Kwa wastani Dodoma hupata mvua kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, yaani kama nusu ya mvua ya Dar. Lakini mvua hiyo yote huja katika msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa yake hushuka katika siku chache za mvua kali. Ardhi inayoipokea imekaa miezi saba juani, haina nyasi, imekanyagwa na mifugo na magari. Matone makubwa ya kwanza yanaponda udongo ulio wazi na kuziba vitundu vyake, na juu yake hujengeka utando mgumu. Baada ya dakika chache ardhi haimezi tena, na kila kinachoshuka kinaanza kukimbia. Kwa hiyo ukame wenyewe ni sehemu ya sababu. Makorongo makavu unayoyaona Ntyuka au ukielekea Hombolo yamechongwa na maji hayo hayo ya saa chache kwa mwaka.

Wazee wa Kigogo walilijua hili bila vipimo. Tembe zao walizijenga kwenye miinuko na kuyaachia mabonde mashamba na malisho. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu unaweza kuingia na kunata masika kama gundi, ulikuwa wa kulima mtama tu. Sisi ndio tuliokuja kuupimia viwanja.

Hapo ndipo lilipo jibu la "mbona zamani hayakuja". Niruhusu nipige hesabu kidogo, wewe ni mwalimu utanivumilia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukulia eneo lote linaloshusha maji kuelekea kwako lina hekta 50, karibu ekari 125. Huo si mtaa mkubwa. Ikinyesha milimita 40 kwa saa moja, eneo hilo limepokea lita milioni 20. Lilipokuwa pori na mashamba, tuseme sehemu moja kati ya tano ya maji hayo ndiyo ilikimbia: lita milioni 4, tena taratibu, zikichelewa kwenye majani na matuta. Leo kuna mabati, pevingi, lami na ua uliosakafiwa. Sasa kinachokimbia kinaweza kufika sehemu tatu kati ya tano, yaani lita milioni 12, na zinafika kwako kwa haraka kuliko zamani kwa sababu lami haina kitu cha kuzizuia. Mvua haijabadilika hata tone katika hesabu hii, lakini maji mlangoni kwako yamekuwa mara tatu.

Ndiyo maana mwaka ule uliponunua palikuwa pakavu. Muuzaji huenda hakukudanganya. Mji ulikuwa bado haujajengwa juu yako. Sensa ya 2012 iliwakuta watu zaidi ya 410,000 katika Dodoma mjini. Ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya 765,000. Kila paa lililoongezeka katika miaka hiyo kumi limeongeza maji ya kukimbia, na mengi ya mapaa hayo yapo juu ya mtu fulani.

Nije kwenye hati, kwa sababu naona imekuumiza zaidi ya maji yenyewe. Umeandika kama mtu aliyefanya kila alichoambiwa akasalitiwa, na una haki ya kuhisi hivyo. Ila hati inathibitisha kwamba kiwanja ni chako na bikoni zake, yaani alama za mipaka, ziko wapi. Upimaji wa viwanja hutazama mipaka: urefu, upana, pembe. Hautazami kama kona yako ya kusini iko chini ya barabara kwa futi tatu. Kazi ya kujua maji yanapita wapi ni ya mchoro wa mipangomiji unaotangulia upimaji, na mchoro huo unaweza kuchorwa na mtu aliyepima miinuko vizuri, au na mtu aliyegawa ardhi kama karatasi tambarare. Kwa hiyo mtu wa mipangomiji akikuambia "viwanja vyenu havina tatizo", huenda anamaanisha havijagongana mipaka. Muulize swali jingine: kwenye mchoro huu, njia ya maji iko wapi, ina upana gani, na inamwaga wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo ningependa ulibebe kila ofisi utakayoingia. Maji yanaishia wapi?

Mtaro wako umeishia njiani. Huo ndio ugonjwa mkuu wa mitaro mingi ya miji yetu, na Dodoma haiko peke yake. Barabara inapojengwa, mkandarasi analipwa kwa barabara. Mtaro wa kando unachimbwa ili maji yasiharibu lami, na ukifika mwisho wa mkataba unakoma, hata kama hapo unapokoma pana nyumba za watu. Kitaalamu huo si mtaro, ni bomba lililoelekezwa mlangoni kwako. Mtaro unapaswa kubuniwa kuanzia chini kwenda juu: kwanza unajua maji yataingia korongo gani, kisha unapima kama korongo hilo linayaweza, kisha ndipo unapanda nayo hadi barabarani. Ukianzia juu unayakusanya maji yaliyokuwa yametawanyika, unayapa kasi, halafu unayaacha.

Na vipimo vina maana yake. Zile lita milioni 12 zikipita kwa saa moja ni zaidi ya mita za ujazo tatu kwa kila sekunde. Kalavati la bomba la milimita 600, lile la kawaida unaloliona chini ya barabara za mitaa, kwa mteremko mdogo hupitisha kama nusu mita ya ujazo kwa sekunde likiwa safi kabisa. Utahitaji mabomba sita au saba ya namna hiyo. Bomba la milimita 900 hupitisha karibu mara tatu ya lile la 600 ingawa kwa macho halionekani kubwa sana kuliko lenzake. Nakuambia haya ili siku utakapoambiwa "tumekuwekea kalavati", uwe na la kuuliza. Na hili la mchanga usilisahau: maji ya Dodoma hubeba mchanga mwingi, na bomba lililolala tambarare linaweza kujaa nusu kwa msimu mmoja.

Utasikia pia, na pengine umeshasikia, kwamba mafuriko yanaletwa na wananchi kutupa taka mitaroni. Taka ni tatizo la kweli. Mifuko na chupa huziba mdomo wa kalavati na maji hurudi nyuma. Lakini mtaro wako hata ukifagiliwa kila asubuhi, bado unamwaga kwako. Usikubali mazungumzo yaishie kwenye taka.

Wapo pia wanaosema haya yote yameanza tangu CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoanzishwa 1973, ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri. Sikubaliani nao moja kwa moja. Ni kweli mpango kabambe wa kwanza wa 1976 ulitilia mkazo maeneo ya wazi, na maeneo ya wazi ndiyo yanayopumzisha maji. Lakini makazi yasiyopangwa kama Chang'ombe yalikua chini ya CDA hiyo hiyo. Tatizo ni la zamani kuliko ofisi zilizopo. Ujenzi wetu unafuata fedha za vipande vipande: barabara ina mfuko wake, viwanja vina mapato yake, maji safi yana mamlaka yake, na maji ya mvua hayana mwenyewe anayeyafuata kutoka mlimani hadi mtoni. Wakazi wa Nkuhungu, ambako ni bondeni na udongo haunywi, wameishi na matokeo ya jambo hili.

Ndiyo sababu umezungushwa. Kila ofisi imekuambia sehemu ya ukweli. Mitaro ya barabara za mitaa iko chini ya TARURA, wakala ulioanza 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Mchoro wa viwanja, vibali vya ujenzi na maeneo ya wazi ni vya halmashauri ya jiji. Korongo na mito viko pia chini ya bodi ya maji ya bonde husika. Maji yako yanapita mikononi mwa wote hawa kwa dakika ishirini, kisha yanaingia jikoni kwako. Hakuna anayesema uongo na hakuna anayekusaidia, na hilo linakera kuliko uongo. Anayeweza kuwaweka meza moja ni mkurugenzi wa jiji au mkuu wa wilaya. Njia ya kuwafikia kwa nguvu ni diwani wako akiwa na karatasi mkononi yenye majina ya kaya nyingi. Malalamiko ya mtu mmoja husomwa kama shida ya nyumba moja.

Lakini kabla hujaandika barua yoyote, kuna jambo moja la tahadhari, na nalisema kwa sababu nimeona watu wakiumia. Pima umbali kutoka nyumba yako hadi ukingo wa korongo au mto ulio karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto na vyanzo vya maji, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inahesabu ardhi ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Mtu aliye ndani ya mstari huo akilalamika kwa sauti kubwa, anaweza kurudi jioni akakuta alama ya X ya kubomolewa kwenye ukuta wake. Ukiwa na hati na kibali una hoja nzito ya fidia, tofauti na aliyevamia, lakini usiingie vita hiyo bila mwanasheria. Kama uko nje ya mstari huo, na kwa maelezo yako inaonekana kinachokuumiza ni barabara, nenda kifua mbele.

Sasa fundi na sakafu yake ya futi mbili. Naelewa anakotoka, maji yamefika magotini, basi sakafu ipande ipite magoti. Lakini fikiria milango yako. Mlango wa kawaida una urefu wa mita 2.1. Ukipandisha sakafu sentimita 60 unabaki na mita 1.5, watoto wako wakubwa watainama. Itabidi uvunje linta, ile boriti ya juu ya mlango, na kuipandisha, kisha dari, na pengine paa. Hesabu inaanza kukaribia nyumba mpya. Halafu kifusi cha ndani kina uzito na kikilowana kinasukuma kuta kwa nje, na wewe tayari una ufa. Kama udongo wako ni ule mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kuongezea mzigo juu ya msingi usioujua ni kubahatisha. Na hata ukifanikiwa, choo chako kitabaki kule kule chini. Maji yakijaza shimo la maji taka, uchafu hurudi kwenye sinki la choo na kuchanganyika na maji ya ua. Nisingekushauri kunyanyua sakafu mpaka mhandisi ameona msingi, na hata hapo iwe hatua ya mwisho.

Kinachofaa kwanza ni cha bei nafuu zaidi, nacho ni kujua levo, yaani wapi ni juu na wapi ni chini. Mwambie fundi alete mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi hutumia kulinganisha msingi. Kwa nusu siku mnaweza kupima sehemu tano tu: katikati ya barabara mbele yako, ukingo wa mtaro pale unapokoma, kizingiti chako cha mbele, kona nne za kiwanja (kona nazihesabu kama sehemu moja, msinishike), na kwa jirani aliyejaza kifusi. Andika kila kipimo. Mara nyingi watu hugundua kwamba maji hayaingii kila upande, yanaingilia sehemu moja tu yenye upana wa mita tatu au nne. Hapo ndipo fedha yako iende: tuta la udongo ulioshindiliwa lililopandwa nyasi, au ukuta mfupi wa zege, pamoja na njia ya wazi ya kuyapitisha maji pembeni mwa nyumba hadi yatokee upande wa chini. Usiyazibe bila kuyapa njia, yatavunja. Na usiyaelekeze kwa mwenzako wa chini, maana utakuwa umefanya kile kile ulichofanyiwa.

Milangoni unaweza kuweka mbao nene zinazoteremka kwenye mifereji ya pembeni pamoja na mifuko ya mchanga, kwa maji ya muda mfupi yasiyozidi futi moja na nusu hivi. Ukiona nje yanapita hapo, usishindane nayo. Maji ya kina cha mita moja yanasukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya kama nusu tani, na ukuta wa bloku usio na nondo haukujengwa kwa hilo. Ni salama zaidi kuyaacha yaingie ndani kuliko ukuta uwaangukie. Vitu vya thamani, madaftari na unga vikae juu ya rafu. Soketi za ukutani zipandishwe hadi usawa wa kifua, kazi ya fundi umeme ya siku moja. Na mvua kubwa ikianza, zima swichi kuu kabla maji hayajafika, usiizime ukiwa umesimama majini.

Paa lako nalo lisaidie. Nyumba yenye paa la mita 120 za mraba ikinyeshewa milimita 40 inashusha lita 4,800. Ukiweka gata na tanki, hayo ni maji ya kufulia kwa wiki kadhaa, na kwa mgao wa maji unaoufahamu wewe mwenyewe si kitu kidogo. Peke yako hutapunguza mafuriko kwa tanki moja, nisikudanganye. Kaya mia moja za juu yako zikifanya hivyo, kilele cha maji kitashuka. Sisi wa kanda hii tuna mfano wa kuthibitisha kwamba kutibu juu kunasaidia chini. Kule Kondoa ardhi ilikuwa imeraruliwa na makorongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Majani na vichaka vilirudi, na mmomonyoko ukapungua sana. Uamuzi ule uliwagharimu wafugaji pakubwa na sisemi urudiwe mjini. Nasema maji yanatibika kuanzia yanapoanzia.

Kuhusu jirani, anza kwa mazungumzo. Huenda alijaza kifusi kwa sababu na yeye aliogopa. Mwombe aache matundu chini ya ukuta wake, makubwa ya kutosha, yenye nondo za kuzuia wezi, ili maji yapite kama yalivyokuwa yakipita. Mkishindwa, baraza la kata linaweza kuwasuluhisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni usuluhishi, halitoi hukumu. Hukumu iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kushtaki halmashauri au wakala wa Serikali kunawezekana. Utatakiwa kutoa notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye kesi, na utahitaji ushahidi wa kitaalamu unaoonyesha kwamba ujenzi fulani ndio uliogeuza maji. Ni njia ndefu na ya gharama. Kwa kaya moja siipendekezi. Kwa kaya thelathini zilizochanga mwanasheria mmoja na mhandisi mmoja, ina uzito, na mara nyingine notisi yenyewe huamsha ofisi.

Njia ninayoamini itakuletea matokeo mapema ni hii. Kusanya picha zenye tarehe, vipimo vya mpira wa maji, na mchoro wa mkono unaoonyesha barabara, mtaro unapokoma na korongo la karibu. Itisheni mkutano wa mtaa, jambo hili liingie kwenye muhtasari, muhtasari uende kamati ya maendeleo ya kata. Ombi lenu lisiseme "tunaomba mtaro". Liseme: "Tunaomba mtaro uliopo uendelezwe kutoka hapa hadi korongo fulani, umbali wa mita kadhaa, na njia yake ioneshwe kwenye mchoro." Ombeni nakala ya mchoro wa mipangomiji kwa maandishi; Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Na angalia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vya kata hukusanywa miezi mingi kabla. Barua inayofika Mei, wakati machungu ya masika bado mabichi, huwa imechelewa bajeti hiyo na inasubiri nyingine. Mwaka huu andikeni mapema, Oktoba iwakute mmeshaiwasilisha. Kama jiji lina mradi wa miundombinu unaoendelea, kama TACTIC, ule mradi wa kuboresha miundombinu ya miji ambao Dodoma imo, ulizeni pia kama mtaa wenu umo kwenye orodha ya mitaro, na kama haumo, nani anaamua.

Wakati mnasubiri, kaya kumi zinaweza kuchimba kwa mikono mtaro wa muda wa udongo kutoka pale ulipokoma, mradi kwanza mpate kibali cha maandishi cha mtendaji na mhandisi wa barabara aoneshe mteremko. Mtaro uliochimbwa bila levo husimamisha maji na kuzaa mbu.

Kuuza je? Sitakuambia usiuze. Kama mhandisi atasema msingi umeondokewa na udongo, au ukigundua kwamba kiwanja kiko kwenye mkondo wenyewe, basi kila shilingi unayoongeza pale inazama, na ni busara kuanza kutafuta mwinuko. Uuzapo, mweleze mnunuzi ukweli. Lakini kwa ulivyoeleza, maji yako yametengenezwa na barabara na mtaro usio na mwisho, na kitu kilichotengenezwa namna hiyo kinarekebishika. Ningesubiri ripoti ya mhandisi na jibu la bajeti moja kabla ya kuamua.

Maji yakiingia tena kabla hayo hayajafanyika, usimruhusu mtoto kuvuka maji yanayokimbia hata kama ni ya magotini, yanamwangusha mtu mzima. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hasa kama kisima au tanki la chini liko karibu na choo, na mtu akianza kuharisha maji maji mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipige plasta mpya juu ya ukuta uliolowa. Uache ukauke wiki kadhaa, madirisha wazi, la sivyo chumvi na ukungu vitaibandua. Na zile alama za penseli kwenye ufa, zipime kila Jumapili na uandike. Mhandisi atakapokuja, hicho ndicho kitu cha kwanza atakachokuomba.